Rangi ya Chini

Umeuliza nani alinifunza, na kalamu umeishika tayari,
unangoja majina ya makumbusho, ya Madrid labda, au Paris.
Keti kwanza. Kiti hicho kina doa, lakini limekauka tangu Pasaka.
Na upepo huo usikutishe; hapa Punta Arenas
mapaa hupiga domo mchana kutwa na hakuna anayeyajibu.

Nilifunzwa na Anselmo Mansilla, mpakaji wa matumbo ya meli.
Si mlingoti, si jina lenye herufi za dhahabu:
tumbo, kule chini ya mstari wa maji.
Akishamaliza, meli hushushwa,
kazi yake yote ikazama
na nahodha akapigiwa makofi.

Alikuwa baba yangu. Nilimpelekea supu ya kondoo chelezoni,
na nilikuwa na miaka tisa siku nilipomfumania na siri yake.
Mikebe miwili, vibandiko vimebanduka, vifuniko wazi,
mmoja wa kijani, mmoja wa nyekundu, mtoto angejua.
Hakutazama.
Alinyanyua huu, akanyanyua ule,
kama mtu apimaye viazi kwa kiganja,
akachukua uliokuwa mzito.
Nyekundu ya meli, wakati ule, ilikuwa na risasi ndani yake,
na risasi haidanganyi mkono.
Macho ya baba hayakutofautisha damu na nyasi.
Miaka ishirini na miwili kazini, na msimamizi hakujua.

Risasi ile haikutoka kwenye bunduki
lakini ilimpata vilevile.
Ilianza na kijiko kuchezacheza kikombeni,
kisha fizi zikapigwa mstari wa buluu, mwembamba,
mstari ulionyooka kuliko wowote niliowahi kuchora,
kisha akasahau jina la mbwa.
Daktari akasema ni baridi.
Huku baridi ni nyingi, hubebeshwa kila kesi.

Sasa tazama ile kubwa ukutani.
Wengi huona kijivu. Mkosoaji mmoja wa Santiago
aliandika: ukimya wa kusini.
Ukimya gani? Chini ya kijivu kile mna matabaka saba ya nyekundu,
nimepaka, nimesugua kwa msasa, nimepaka tena,
hadi Bi Ercira wa chini akagonga dari kwa mpini wa fagio.
Ndipo nikafunika. Nimeacha ukingo tu, upana wa ukucha,
pale fremu inapouma turubai.
Mnunuzi wa kwanza alidhani ni uchafu, akadai punguzo.
Nikampa. Kodi ya nyumba haina subira.

Haya, ukishikilia, andika na wengine:
shangazi Otilia, aliyetia viraka vya uzi wa njano kwenye soksi nyeusi
na kukataa katakata kuona haya;
mwalimu wa Valparaíso aliyetupiga marufuku nyeusi mwaka mzima,
nikatumia dawa ya viatu.
Wakubwa nao nimewaona, sikatai. Nilipanga foleni.
Mbele ya mmoja nililia,
ingawa na miguu ilikuwa inauma.

Siku hizi nyekundu haina risasi. Ni salama, ni nyepesi,
watoto wa jirani huchovya vidole humu nami sishtuki.
Juzi usiku nilifumba macho,
nikashika tyubu mbili, huku na huku, nikapima kama yeye.
Zililingana.
Kiwanda kimezipima zote sawasawa, gramu kwa gramu.
Nikabaki nimesimama, mikono yote miwili imejaa,
sijui niitue ipi.

Hilo usiliandike.
Au liandike, lakini chini kabisa,
chini ya mstari,
mahali ambapo mhariri wako hachungulii.