Meza Saba za Mtaa wa Barton

Hapa palikuwa duka la viatu.
Hadi leo ukisugua ukuta wa nyuma
hujitokeza namba: tisa, kumi, kumi na nusu,
na Zuhura husema tumekodi nyumba ya miguu ya watu.

Nilidhani biliadi ni kijiti na mpira.
Kumbe ni jiwe.
Kila meza ina mabamba matatu ya jiwe chini ya nguo yake ya kijani,
na kila bamba lilipanda ngazi mikononi mwa wanaume wanne,
Januari, hapa Hamilton, barafu ikicheka chini ya viatu vyetu.
Wendell, fundi wa meza tangu ujana wake,
aliweka pima-maji, akatazama, akakohoa:
"Sakafu yako imelewa kabla ya wateja."
Tukachomeka karata kuukuu chini ya miguu.
Saba ya kopa ingali pale, imebeba meza ya tatu.

Kisha zikaja karatasi.
Bima iliuliza kama kutakuwa na ngumi.
Manispaa iliuliza vyoo vingapi.
Ombi la leseni ya bia lilibandikwa dirishani
ili jirani aseme, na jirani akasema:
Bibi Loretta wa duka la maua aliandika kurasa mbili
kuhusu vijana, moshi,
na mipira inayogongana kama meno kwenye baridi.
Siku hizi huja kila Alhamisi.
Hupiga kwa mkono wa kushoto, hunifunga mara tatu mfululizo,
halafu huuliza kama wazee wana punguzo.

Hesabu yenyewe ni hii.
Saa moja ya meza, dola kumi na mbili.
Saa moja ya joto humu ndani,
nje ikiwa digrii kumi na tisa chini ya sifuri,
usiniulize.
Haba na haba, walituambia, hujaza kibaba.
Mimi nimeliona tundu la kibaba. Linaitwa kodi.
Hufika tarehe mosi hata tarehe mosi ikiwa Jumapili.

Vijana watatu hununua soda moja, mirija mitatu,
hukaa tangu alasiri wakinipigia makofi nikipita.
Nawapenda. Siwezi kuwala.
Chakula chetu hutoka kwenye bia na viazi vya kukaanga;
meza ni chambo tu,
chambo cha kilo mia nne.

Usiku mmoja Kieran alitaka kuurusha mpira mweupe
juu ya mwenzake, mchumba akitazama.
Kijiti kilichana nguo toka kona hadi katikati.
Dola mia tano. Akalia.
Nilimpa ufagio.
Deni liliisha mwaka jana, na Jumamosi bado anafagia,
mchumba ni mwingine.

Baada ya kufunga, huzima taa moja moja
nikiziimbia meza kimoyomoyo,
na usiku huo sauti ilinitoka:

    Meza saba nazilisha, chaki, nguo, na mafuta,
    Taa juu naziwasha, hata panapo ukata,
    Kodi ndiyo yanichosha, kila mwezi hunifata,
    Ewe faida, bakisha, japo senti nikapata.

Zuhura, kaunta, hakuinua kichwa.
"Mizani ya shairi imetimia," akasema.
"Ya duka, bado."

Mwisho wa Machi alihesabu mara tatu,
akavua miwani, akaifuta, akahesabu tena.
Baki: dola kumi na moja.
Mwezi wa ishirini na sita, na hii ndiyo baki ya kwanza.
Noti ya kumi aliilaza chini ya glasi ya kaunta.
Sarafu ya dola moja akanipa, "Kaichezee."

Nikaisimamisha kwa ukingo wake juu ya meza ya tatu,
nikaisukuma taratibu.
Ilikwenda sawasawa karibu nusu ya safari,
nikashusha pumzi,
ndipo ikainama kushoto, kushoto zaidi,
ikatumbukia mfukoni.

Wendell aliisema ile sakafu.