Namba Tisa

Usiku niliziacha nyeupe, wallahi,
namba kumi na moja juu ya jezi nyekundu,
nikafunga duka hapa Maweni, nikalala.
Asubuhi kocha Mwaro akanikunjulia namba tisa:
"Bi Zuhura, nyeupe gani hii inayoona haya?"
Ilikuwa ya waridi, kama ufizi wa mtoto.

Nikamrudishia pesa. Nikabaki na jezi, zinifunze.

Pamba hunywa rangi ikashiba.
Poliesta haikunywa: ilifungiwa rangi ndani, kwa moto,
na moto ukirudi
rangi hudhani kaja mwenye ufunguo.
Haichuruziki. Hupanda kimya,
kama mvuke wa biriani chini ya mfuniko,
hata mashine ikishapoa, hata wewe ukishalala.

Sasa nimeshusha: mia na thelathini, si mia na sitini.
Sekunde kumi, nazihesabu kwa midomo.
Chini ya weupe natanguliza utando wa kijivu,
mlinzi asiyetokea kwenye picha ya timu.
Nabandua ikishapoa.
Wala sizirundiki zingali moto;
kila moja na kamba yake, kila moja na upepo wake.

Jezi mpya nilizinunua kwa pesa ya kodi.
Siku tatu nimezichungulia kama mgonjwa.
Weupe umesimama.

Ile tisa ya kwanza naivaa mimi, dukani.
Mteja akinihimiza, "Fanya upesi, mama, nina safari,"
sibishani naye.
Namgeuzia mgongo, asome.