Kati ya Mita na Fyuzi

Hapana, Baba Mweze, hapa siungi.
Waya huu utatoka mzima kwenye mita,
utaingia mzima kwenye kisanduku cha fyuzi,
bila fundo njiani.
Najua shemeji yako ana kipande cha pili,
najua ameshakifunga kwa mfuko wa nailoni
na kukiita kazi.
Kiteremshe.

Sikiliza. Umeme huu unatoka Ruzizi,
mto ule ule mama yangu aliouvuka
na beseni la sambaza kichwani.
Kizuizi upande huu, kizuizi upande ule,
na katikati daraja.
Mama alisema: darajani usisimame.
Askari wa huku ameshakuachia,
wa kule hajakupokea,
ukianguka utaokotwa na maji.

Ndivyo ulivyo waya huu.
Ukishatoka kwenye mita, Kampuni imenawa mikono.
Fyuzi zako nazo, hata zikae macho vipi,
hulinda kinachotoka kwao kwenda jikoni;
hazigeuki nyuma.
Hapa katikati panya akitafuna, ubao ukisugua,
hakuna wa kukata.
Utawaka tu
mpaka fyuzi ya nguzoni ishtuke,
na nguzo iko chini kule kwa wauza makaa,
na fyuzi yake, nimeiona,
ni msumari.

Kwa hiyo daraja liwe fupi.
Wewe unakitaka kisanduku chumbani, juu ya kitanda,
wapangaji wasikuchezee.
Nimepima: mita kumi na moja kutoka kwenye mita
(lugha imetupa neno moja kwa vyote viwili,
labda kwa kutuonya),
kupitia darini, kwenye mbao, juu ya godoro la watoto.
Hapana. Kitakaa hapa, nyuma ya ukuta huu,
hatua mbili. Tia kufuli ukitaka.

Na shaba iwe ya kumi na sita, si ya sita.
Yule wa duka la Nyawera atakuambia
sita inatosha, hata kumi na sita ina sita ndani yake.
Mwache acheke peke yake.
Kinachopita hapa ni kiu ya nyumba nzima:
pasi ya mkeo, jiko la mpangaji wa kwanza,
mashine ya kunyolea ya yule wa pili,
na friji uliyoapa kununua kabla ya Noeli.

Wenye ngozi ya buluu ni wa kurudi;
usiupandishe cheo.
Bomba lisivunjwe shingo kwenye kona.
Skrubu ikaze leo, kisha kesho ikaze tena,
shaba hulegea usiku kama ahadi.

Unacheka. Fundi mwanamke ana sheria nyingi.

Nilikuwa msaidizi wa mzee Birindwa
mwaka ule nyumba kumi na nne zilipoteketea kule juu.
Tulipanda kutazama. Mbao zimekwisha,
mabati yamejikunja kama majani ya migomba.
Kisanduku cha fyuzi tulikikuta kwenye kipande cha ukuta wa tofali.
Fyuzi zote nzima. Zimekaa mstari,
kama walinzi ambao hawakuitwa.
Mzee alizichomoa moja moja, akazitia mfukoni,
asiseme kitu mpaka tulipoteremka sokoni.
Kisha: Nabintu, ni mita tatu.
Mita tatu tu.

Shika tochi. Juu kidogo. Usinimulike machoni.

Saa tano na nusu usiku umeme unarudi.
Mtu anashangilia kule Cimpunda,
redio zinaamka katikati ya sentensi.
Tumeviwasha vyote: pasi, jiko, taa nne,
mashine ya kunyolea inanguruma mezani bila kichwa cha mtu.
Naweka mgongo wa mkono juu ya bomba.
Dakika kumi. Baba Mweze ananitazama usoni
kama anayesubiri majibu ya hospitali.

Baridi, namwambia.

Naye anaweka mkono wake, ahakikishe,
na hauondoi.