Saa ya Mabati

Mabati yangu yaliwahi kuwa nyumba ya mtu mwingine.
Niliyanunua Gikomba, kumi na mawili, yenye kutu pembeni
na matundu ya misumari ya fundi nisiyemjua.
Januari na Februari, jua linapochoma,
kila tundu hunidondoshea shilingi ya mwanga sakafuni.
Saa ya ukutani sina, wala siihitaji.
Shilingi ile kubwa ikigusa mguu wa cherehani, ni saa nne,
chai ya pili.
Ikipanda gunia la vitambaa, Syombua yuko njiani kutoka shule
nami nabandika maji ya ugali.

Leo ni tarehe kumi na tisa Machi.
Usiku haukulalika. Shuka liliniganda kama deni.
Alfajiri kwarara walipita juu ya Mukuru wakipiga kelele,
wakielekea mtoni,
kama watu waliochelewa kesi yao wenyewe.
Upande wa Ngong kumesimama kitu cheusi,
hakiji, hakiondoki,
kinatutazama tu, kama mwenye nyumba tarehe tano.

Vijana wa kaunti waliuzibua mtaro wiki jana.
Matope, nepi, nusu ya godoro, kiatu kimoja cha mtoto,
vyote wameviacha kando ya mtaro uo huo
vingoje safari ya kurudi.
Kioskini mtungi ungali shilingi ishirini.
Nimesimama foleni ya maji
nikiogopa maji.

Mama amepiga simu kutoka Kibwezi.
Siku hizi hasalimii. Anauliza tu,
"Huko imefika?"
Amepanda kavu: kunde, ndengu, mahindi kidogo,
mbegu za pesa za sare nilizoshona usiku.
Namwambia, "Bado, lakini inanukia."
Ananyamaza. Namsikia akivuta pumzi ndefu,
kana kwamba harufu hupita kwenye simu.
"Iombee," anasema.

Nami nakumbuka Aprili ile,
kichwa cha cherehani juu ya kichwa changu,
maji yamenifika mapajani,
mtoto mgongoni akiuliza kama tunahama.
Mvua ni moja. Mdomo ni mmoja.
"Nitaiombea, mama."
Naiombea ipite huku upesi, isituone,
iende ikalale kwako.

Alasiri Ogutu akaja na kopo la lami na kijiti.
Akapanda. Nikasikia magoti yake yakitembea juu ya dari nisiyo nayo.
Akaziba tundu, akaziba jingine,
na huku chini shilingi zikazimika,
mbili karibu na kitanda, ile ndogo ya mlangoni,
tatu zilizokuwa zikicheza juu ya sufuria.
Syombua akaingia, mkoba begani, akasimama.
"Mama, nani amechukua saa?"

"Limebaki jingine?" Ogutu akaita.
Lilikuwa limebaki.
Shilingi yake ilikuwa imekaa juu ya gunia la vitambaa,
ya duara, ya manjano, pembezoni ikitetemeka.
Nilijua lilipo. Ningeweza kulionyesha kwa ufagio.
"Mama Syombua! Lami inaganda!"

Sikujibu. Nilikuwa bado naitazama
ilipoanza kufifia yenyewe,
kwanza kama chai iliyoongezwa maziwa,
halafu gunia likawa gunia tu.
Nje upepo ukageuka, ukaanika mavumbi yote hewani,
kamba za nguo zikapiga kelele,
majirani wakatoka mbio na mikono mitupu
wakarudi na mashuka.

Kisha, juu ya bati, kitu kikagonga.
Mara moja.

Nikasogeza gunia, nikaweka karai mahali pake.
Nikampigia mama. Aliposema "Huko ime..."
sikusema neno, nikainua simu kuelekea paani,
tukangoja la pili,
mmoja Kibwezi, mmoja juu ya mabati ameshika kijiti cha lami,
na sisi wawili ndani, tukiitazama karai.