Pipa la Tatu

Kwenye kikombe, iliwezekana.
Blenda ya mama, ile ya juisi ya ukwaju,
kijiko cha kinywe, tone la sabuni ya vyombo,
dakika kumi za kelele, na maji yakabeba
utando mwembamba hata jina lake, grafini,
likawa zito kuliko wenyewe.

(Blenda ile mama hajanisamehe mpaka leo.)

Lakini Fakihi Nangonga hanunui kikombe.
Amepanga karakana hapa Ruangwa, anataka ndoo,
kisha pipa, kisha tangi,
anataka tani. Anaitamka tani
kama mtu anayemwita mbuzi wake.

Tukafunga mota iliyochakaa ya kiwanda cha Nachingwea,
tukachomelea mapanga upya,
tukamimina lita mia mbili.
Pipa la kwanza: matope.
La pili nilikaza mwendo, mapanga yakalia,
kilichotoka ni chenga za chenga,
vumbi lisiloweza kupitisha hata umeme wa tochi.
Nikalala na weusi kwenye kucha.
Mto ukaamka na uso wangu.

Jumapili mama ananisuka.
“Unaibangua au unaitwanga?”
Miaka kumi na tisa alibangua korosho;
mafuta ya ganda yamemchora viganjani
ramani ya wilaya isiyo na barabara.
Anajua: nzima ina bei yake,
iliyopasuka ina bei yake,
na ya unga hupewa watoto wa mbanguaji.
“Ganda halitaki hasira,” akasema, akavuta nywele.

Jumatatu nikapunguza mwendo.
Muda wa saa sita, si dakika kumi.
Tabaka likateleza juu ya tabaka
kama chapati iliyosukumwa ikasukumika.
Ya tano haijaisha, umeme ukakatika;
tukakoroga kwa mwiko wa msibani,
mimi na Somoe, kwa zamu, bila kupumzika,
maana tando zikituama hurudiana,
hushikamana kama ndugu waliogombana
wakisikia kuna mirathi.

Gramu arobaini na moja.
Niliandika kwa penseli, na penseli nayo
ikawa inabanguka kwenye daftari,
bila mota, bila Fakihi.

Mama, kwa simu: “Kilo ngapi?”
“Gramu, mama. Arobaini na moja.”
Kimya.
Kisha: “Nzima, au vipande?”