Pipi Kumi na Nne

Kwenye rafu, karatasi ya njano:
mafuta ya kula, lita moja, elfu nne na mia tano.
Nimesoma mara mbili, miwani nimevaa.
Kwenye mashine: elfu tano na mia mbili.

"Ile bei ya zamani, mama."
Ya zamani lini? Gundi bado mbichi.
"Kama huna, rudisha. Watu wanasubiri."
Nyuma yangu mtu akasonya,
na mlinzi, aliyekishuku tangu mlangoni
kikapu changu cha ukindu,
akasogea hatua moja.

Mimi Somoe Nampunju, wa Mkuti, Masasi.
Korosho zangu ghalani hukatwa kwa unyevu,
kwa gunia, kwa vumbi,
na kwa makato mengine karani anayoyasoma haraka.
Kukatwa nakujua kwa harufu.

Nikafungua pindo la kanga,
nikazipanga kwenye kaunta, moja moja,
pipi za chenji yao ya miezi mitatu.
"Hamsini hatuna, chukua pipi."
"Mia hatuna, chukua mbili."
Kumi na nne. Mia saba kamili.
Nyingine zimeyeyuka, zimegandana na karatasi.

"Hizi si pesa."
"Mlinipa kama pesa."

Foleni ikanyamaza, friji ikasikika.
Ndipo akaniangalia, binti mdogo, beji yasema Hadima;
macho yakapanda kwenye kamera, yakashuka,
akainama kama anayeokota kitu:
"Mama, ikipungua wanakata kwangu."

Nikamwachia pipi moja.
Zilizobaki nikazirudisha pindoni
na nikauliza, kwa sauti ya kuitia watu shambani,
meneja anakaa mlango gani.