Swali la Saba

Fomu ya ofisi ya uhusiano wa kimataifa ina maswali tisa.
Sita nimeyajibu nikiwa nimesimama:
jina, Yustina Kikoti; idara, Falsafa;
muda wa kubadilishana, miezi kumi;
chuo mwenyeji, kile kidogo cha matofali,
ambako mwanafunzi wa kemia lazima asome na ushairi,
kando ya ziwa ambalo Januari watu hulivuka kwa viatu.
La saba linasema: Taja manufaa. Maneno yasizidi mia mbili.

Nimekaa.

Hatukuonana, mimi na Profesa Lindqvist.
Ndege yangu ilipaa yake ikiwa bado angani.
Ufunguo nilimwachia Mama Nyenza, na karatasi mezani:
bomba la jikoni lifunge taratibu, halipendi haraka;
Agosti ya Iringa ina meno, blanketi la pili limo kabatini;
ukisalimiwa kamwene, jibu kamwene, usitafute neno jingine;
darasa la Jumanne husinzia baada ya wali. Liamshe kwa swali.

Naye aliniachia yake,
kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kusahihisha:
koti la kijivu nyuma ya mlango lilikuwa la mke wangu.
Livae. Limekaa miaka mitatu bila mabega.

Nililivaa.
Nilifundisha nikiwa ndani yake,
nikawauliza vijana wa watu,
mtu ni nani pale asipokuwepo wa kumwita mtu?
Wakainama, wakaandika, wakaandika sana,
mmoja akanyosha mkono: hili litakuja kwenye mtihani?
Nikacheka peke yangu. Kumbe hata huku.

Machi, saa nane za usiku, simu.
Baba.
Theluji ilikuwa imeufunga uwanja wa ndege.
Barafu kwangu imefika madirishani,
na kule Tanangozi hapakuwa na hata kipande
cha kumsubirishia mzee siku tatu.

Kaka alinisimulia baadaye, sauti ikitafuta pa kukanyaga:
Yule mgeni wako alikuja.
Kwa pikipiki, kutoka Kihesa, matope hadi masikioni.
Hapa wanamwita Lindi, unajua? Kama mtu wa pwani.
Akasimama mbele ya wazee na Kiswahili chake cha mafungu mafungu:
Mimi nakaa nyumba yake.
Leo nikae na nafasi yake.

Wazee wakatazamana.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alikuwa na mwezi wa nane.
Wakampa.

Alifukia, kaka anasema,
kama mtu ambaye kazi hii aliwahi kufanyiwa na wengine
akakaa pembeni, mikono mfukoni,
akaona deni.

Nimerudi. Bomba bado halipendi haraka.
Blanketi amelikunja pembe kwa pembe.
Mama Nyenza anadai hela ya maziwa ya siku mbili
na anadai pia, kwa kununa, kwa nini hakukaa zaidi.
Darasa la Jumanne halisinzii tena, linanibishia.
Chini ya meza yangu, mabuti ya mpira
yenye udongo mwekundu uliokaukia soli,
na kijikaratasi:
haya sikuyaosha. Sikujua kama inaruhusiwa.

Sijayaosha mimi pia.
Nimeyasogeza tu, yasipigwe na ufagio.

Afisa amepiga simu mara ya pili. Anafunga saa tisa na nusu.
La saba nimeliandika, nikalifuta,
nikaliandika tena, karatasi imetoboka.
Naruka la nane:
Je, kuna mali ya mwenyeji ambayo hukuirudisha?

Nimeandika: Hakuna.

Nje, upepo wa Juni unashuka kutoka Gangilonga.
Nafunga vifungo, kimoja kimoja,
hadi kile cha shingoni.